Miaka Arobaini na Tisa ya Dada Sihaba

Dunda, Bagamoyo
14 Januari 2025

Kwako mdogo wangu Raya,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima, na kama huumwi basi zikukute angalau umekaa. Mimi sijambo, ila goti la kushoto limeanza kutabiri mvua na mpaka sasa halijakosea. Jasmin mwanangu hajambo, biashara yake ya mafuta ya uso imechanganya. Sebule yote makopo, nimeachiwa kona ya cherehani tu. Shemeji Rajabu msalimie sana, mwambie dawa ya kukoroma nimeipata, lakini sijui mgonjwa ni yeye au wewe.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu imegeuka mali ya duka la Jasmin. Ukituma ujumbe wa sauti anaufungua yeye mbele ya wateja, na sauti yako unaijua, majirani watatu wanaitikia. Ally wa basi la Tanga atakuletea barua mpaka mlangoni. Mpe chai.

Sasa nikuambie. Nimeposwa. Ukishacheka, rudi uendelee kusoma.

Anaitwa Mwinyimvua. Alikuwa mkufunzi wa nyavu pale chuo cha uvuvi Mbegani, kastaafu mwaka jana, kajenga Zinga. Mkewe alifariki miaka mitatu iliyopita. Alikuja kushonesha kanzu. Akarudi niipunguze. Akarudi niiongeze. Mara ya nne nikamwambia, "Baba, kanzu haina shida, sema shida yako." Akasema. Na mimi, Mungu amrehemu mume wangu Bwanausi huko aliko, miaka minne ya kula wali peke yangu imenitosha.

Dada zake, wakiongozwa na mkubwa wao Mwaija, watakuja kuniona tarehe kumi na sita mwezi ujao. Nilitaka ujue tu. Usijisumbue kuja. Barabara mbaya, na una chuo chako na watoto wa watu wanaokungoja uwafundishe Kurani. Nitakutumia picha.

Dada yako,
Sihaba

Pangani
23 Januari 2025

Dada Sihaba,

Shikamoo. Huku tu wazima. Watoto wa chuo wamefika juzuu ya tatu na mmoja amefika juu ya paa, tumemshusha kwa ngazi. Rajabu anasema yeye hajawahi kujisikia akikoroma, kwa hiyo anakukanusha.

Barabara ipi mbaya? Ally kanywa chai, kala maandazi manne, na kwa kila andazi kaapa kwamba ni lami tupu kutoka Msata mpaka mlangoni kwako. Mimi nilikuja ulipojifungua Jasmin. Nilikuja ulipomzika Bwanausi, nikakaa siku arobaini nikila maharage ya jirani yako yasiyoiva. Leo kuna jambo la furaha ndio barabara imeharibika?

Kuna kitu unaficha. Bwana ana miaka ishirini? Ana mguu mmoja? Umemwambia wewe ni yatima usiye na ndugu? Sema mwenyewe kabla sijafika, maana nakuja. Begi nimeshaazima.

Mdogo wako,
Raya

Dunda, Bagamoyo
3 Februari 2025

Raya,

Wazima? Sisi wazima. Hii soma ukiwa peke yako.

Nimewaambia nina miaka arobaini na tisa.

Sikukusudia. Mwaija alipita hapa kama anayetaka kushona, akanitazama kuanzia kisigino kwenda juu, akauliza, "Hivi umevuka hamsini?" Kwa sauti ile ile anayomuulizia muuza samaki kama huyu ni wa leo. Nikasema bado. Ulimi ulikwenda wenyewe, nami nikaufuata nyuma.

Usiniite mwendawazimu. Wewe uko Pangani, watu wanakuita bibi mwalimu na wanakupisha njia. Hapa mwanamke akionekana na mvi mbili anapewa pole. Arusini wanaitwa mbele wasichana, sisi tunapewa mikoba tulinde na watoto wa watu tuwapakate. Bwanausi alipofariki nikaacha kujipamba, na wateja wakaanza kupungua. Wanasema fundi amezeeka, macho yamekwenda. Jasmin akanipaka mafuta yake na piko ya kutia nywele weusi, wakarudi wote. Sasa ni mwaka wa nne. Piko kila baada ya wiki tatu, mafuta asubuhi na jioni. Miwani naivaa chumbani tu, mlango umefungwa. Wiki iliyopita nimemshonea mke wa imamu dera, mkono mmoja nimeutia shingoni. Alidhani ni mtindo mpya, kalivaa.

Shida ni wewe. Usinune, sikiliza. Wewe ni mdogo wangu kwa miaka minne, lakini mvi zilikutoka mapema kama baba, kichwa kizima pamba, na lile jino la mbele hukutaka kuliweka. Wanawake wataingia ndani, watavua mitandio, watakuona. Wakiambiwa huyu ndiye mdogo wangu, hesabu yangu imekwisha.

Nakuomba siku moja tu uwe dada yangu. Nitakuamkia mimi.

Sihaba

Pangani
20 Februari 2025

Kwa mdogo wangu Sihaba (nimeanza kuzoea),

Nimefika salama. Najua ulikuwepo siku ile, lakini ulikuwa unaangalia mkeka tu, kwa hiyo wacha nikusimulie siku yako ya kuonwa ilivyokuwa.

Waliingia wanawake saba. Mwaija mbele, anatembea kama anakuja kununua nyumba. Ukatoka chumbani, uso mweupe kama papai lililomenywa, vidole vya mkono vyeusi kama makaa, kwa sababu vidole havidanganyiki kwa mafuta. Ukapiga goti hilo hilo bovu, nikalisikia likilia, ukasema, "Shikamoo dada."

Miaka hamsini na saba nimekuamkia mimi. Nikasema "Marahaba," na nakiri ilikuwa tamu. Ndiyo maana nikakutuma maji. Ndiyo maana nikayakataa, nikakutuma mengine ya mtungini. Ulitaka dada, dada ndivyo walivyo.

Kisha Mwaija akanigeukia. "Wewe ndiye uliyemlea huyu?"

Ningefanyaje? Nikasema ndiyo. Nikasema mama alipougua mwaka mzima, mimi ndiye niliyembeba mdogo wangu mgongoni, nikaenda naye kisimani na shambani, nikampa uji kwanza mimi nikala ukoko. Watu wakatikisa vichwa. Wewe ukatoka kwenda jikoni. Mgongo ule ulikuwa wako, Sihaba, na ukoko uliula wewe. Nimekusemea uongo mwingine siku ile, huo peke yake ndio uliokataa kushuka.

Mwaija akanishika bega. "Mungu akulipe, bibi. Ndiyo maana umechoka hivi."

Basi. Hakuna hata mmoja kati ya wale saba aliyeshangaa. Hakuna aliyesema, mbona bado kijana. Nilicheka mpaka Msata.

Na hesabu zako zikague. Jasmin ana thelathini na sita. Kwa miaka uliyompa Mwaija, ulimzaa una kumi na tatu. Marehemu Bwanausi, mtu wa watu, umemtia hatiani yuko kaburini.

Mkubwa wako kwa siku moja,
Raya

Dunda, Bagamoyo
24 Aprili 2025

Mdogo wangu Raya,

Ramadhani imepita, Idd imepita, nimekuandikia mara mbili hujajibu. Ally anasema barua alizifikisha, lakini alizipokea Rajabu mlangoni na chai hakupewa. Kwenu hakuna ugonjwa? Kama umenuna, nuna kwa maandishi nijue.

Huku kumeharibika.

Ndoa tulishapanga iwe Mfungo Mosi, mara tu baada ya Idd. Wiki moja kabla, Jasmin akanipiga picha nimevaa dera la zambarau, kumbe kwa ajili ya biashara. Akaiweka kwenye simu yake watu wote waione, na maneno makubwa: "Mama yangu mzazi, miaka SITINI NA MOJA! Siri ni mafuta yetu. Agiza sasa." Mwanangu wa kumzaa. Mimi nauza ujana kwa Mwaija, yeye anauza uzee wangu kwa dunia nzima, na bidhaa ni ile ile moja.

Binti wa Mwaija ni mteja wake.

Mwaija mwenyewe alikuja asubuhi, ameishika simu kama mtu aliyemshika panya mkia. "Huyu nani?"

"Mimi."

"Na hii sitini na moja?"

"Ni ya Jasmin," nikasema, Mungu anisamehe.

"Jasmin ana sitini na moja?"

Akatazama huku na huku, akakaa juu ya vitambaa vya watu. "Na yule bibi aliyekubeba mgongoni?"

Hapo ndipo ningeweza kuongeza jingine, maana nilikuwa nimeshalowa. Likanikwama. Nikamwambia, "Ni mdogo wangu. Mimi ndiye niliyembeba."

Unajua alisema nini? Hakutukana. Alisema, "Masikini. Umemzeesha mwenzio ili wewe upungue." Akaondoka, na tangu siku ile hakuna aliyekanyaga hapa kutoka Zinga. Jasmin analia, huku anafunga mizigo, maana picha ile imemletea oda ambazo hajawahi kuziona.

Najua nilikuvunjia heshima. Njoo unitukane mwenyewe.

Sihaba

Pangani
5 Mei 2025

Dada Sihaba,

Shikamoo. Barua zako zote zimefika. Nilikuwa na mafua ya macho.

Siwezi kuja. Usiniulize.

Kuhusu Mwaija, kula ushibe. Kuhusu bwana, kama ameogopa namba basi nyavu alikuwa anafundisha vipi, na nyavu zote ni kuhesabu matundu. Kuhusu Jasmin, usimpige, ana umri wa mama mtu, kwa hesabu yoyote.

Sijanuna. Nilikuwa nimenuna, lakini imepita, sasa nina shida nyingine. Watoto wa chuo Rajabu ndiye anayewasimamia, anawafundisha herufi na kukuna nazi.

Raya

Dunda, Bagamoyo
17 Mei 2025

Raya,

Mafua ya macho ya wiki ngapi hayo? Lakini nimekubali, sikuulizi.

Mwinyimvua amekuja. Jumapili baada ya alasiri, kavaa ile kanzu. Akakaa barazani, nikamwekea chai, nami nikakaa kwenye cherehani ili mikono ipate kazi. Nilikuwa sijapaka piko tangu siku ya Mwaija. Si kwa ushujaa, nilikosa nguvu tu. Mizizi imetoka myeupe, ncha nyeusi, kichwa kama kanga mbili zilizounganishwa.

Akasema, "Sihaba, nimekusamehe."

Moyo wangu ulivyoruka, ungesema nina kumi na tisa, achilia mbali arobaini.

"Ila watu tusiwaambie," akaendelea. "Nimeongea na dada, tutasema mtoto alikosea kuandika. Wewe baki na arobaini na tisa zako."

"Na mwakani?"

"Hamsini."

"Na hizi nywele?"

"Si una dawa yake?"

"Na ndevu zako hizo mbona hupaki?"

Akazishika, Raya, akazipapasa kwa upole. "Ndevu nyeupe kwa mwanamume ni heshima."

Sikuwa nimekasirika mpaka pale. Nilimtazama nikaona miaka yangu yote iliyobaki. Kila wiki tatu piko, kila mgeni miwani mfukoni, kila ndugu yangu akija nimfundishe kwanza aseme nini. Nilidhani uongo ule ni daraja, nikishavuka naliacha. Kumbe ndiyo nyumba yenyewe anayotaka kunioa ndani yake.

Nikatoa miwani kwenye droo, nikaivaa mbele yake. Kwa mara ya kwanza nikamwona vizuri, na ana makunyanzi kuliko nilivyokuwa nafikiri. Nikamwambia, "Mimi nina sitini na moja. Wewe una sitini. Nimekuzidi mwaka, na mimi pia nina heshima zangu, hizi hapa kichwani. Ukizitaka, zote. Usipozitaka, kanzu nimeshakupunguzia bure, nenda nayo."

Akanyanyuka. Chai hakuigusa.

Nikaonekana shujaa mpaka alipokata kona. Kisha nikalia hadi magharibi, na sina wa kumwambia ila wewe. Nilimpenda kidogo yule mtu.

Dada yako,
Sihaba

Pangani
26 Mei 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho nikiwa nimesimama. Wacha nami nikuambie, halafu tusirudie.

Nilikuandikia kwamba nilicheka mpaka Msata. Nilicheka mpaka Msata kweli. Baada ya Msata sikucheka.

Mimi mvi zangu sijawahi kuzijali. Baba alikuwa nazo, akipendeza. Lakini wanawake saba, Sihaba! Nilikaa nikisubiri mmoja tu aguse mkono wa mwenzake aseme huyu haiwezekani. Mmoja tu. Wakameza kama uji. Nilipofika nyumbani nikamuuliza Rajabu, "Mimi naonekana na miaka mingapi?" Akasema, "Kama bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke mzuri sana." Na alikuwa ananisifu, yule mjinga wa Mungu.

Siku mbili kabla ya Idd nikaenda duka la mbali wasikonijua, nikanunua piko. Nikaisoma? Sikuisoma. Nikaipaka kichwa kizima, nikafunga mfuko wa nailoni, nikalala kidogo. Niliamka sioni. Macho yalikuwa yamefumba, masikio yamekuwa ya tembo, paji la uso linavuja maji. Rajabu alinibeba kwenye bajaji mpaka hospitali, njia nzima anasoma Yasini kwa sauti, na dereva naye akaitikia. Siku tano nilichomwa sindano. Daktari ni kijana mdogo, akaniuliza, "Bibi, ulikuwa unakwenda wapi na nywele nyeusi?"

Sasa uvimbe umekwisha, lakini ngozi ya paji imebanduka kama ganda la muhogo, imeacha madoa meusi, na nywele za mbele zimekwenda. Mimi niliyekuandikia kuhusu vidole vyako. Mimi ninayewafundisha watoto wasiseme uongo. Ndiyo maana sikujibu, na ndiyo maana sikuja. Sikutaka unione, na zaidi sikutaka Mwaija anione.

Sikusema mapema kwa sababu ningekuambia ungelibeba wewe. Unabeba kila kitu.

Hukukosea kumfukuza. Lakini kama ulimpenda, ulimpenda, usijione mpumbavu.

Raya

Dunda, Bagamoyo
10 Juni 2025

Mdogo wangu,

Idd ya kuchinja imepita salama, nyama tumekula, goti linasema mvua basi. Barua yako ilinikuta nimeshika mkasi. Nilikaa chini, nikakata kitambaa cha mteja mara mbili mahali pasipo pake. Nilipomaliza kulia nikaanza kucheka ile bajaji. Nisamehe kwa vyote viwili, lakini kwanza nisamehe kwa Februari.

Jasmin nilimsomea barua yako yote. Amechukua makopo ambayo hata yeye hajui ndani yana nini, katoni tatu, ameyarudisha kwa aliyemuuzia, wakagombana mpaka wakaitiwa mjumbe. Yaliyobaki ni ya nazi na mwarobaini. Analalamika hayauziki. Nimemwambia hata mimi nilikuwa siuziki.

Na Mwinyimvua amerudi.

Alikuja Alhamisi na Mwaija. Mimi nimevaa miwani, kichwa nusu kwa nusu, sikunyanyuka. Mwaija akakaa, akavuta pumzi, akasema, "Haya, mwambie mwenyewe."

Mwinyimvua akasema alikwenda nyumbani siku ile akamwambia dada yake kwamba hafichi tena, anaoa mke aliyemzidi umri. Mwaija akamwambia, "Utaoa mkubwa wako? Atakufia, utakuwa mjane mara mbili." Na yeye akamjibu, "Dada, wa kwanza nilimwoa mdogo. Nilimzidi miaka kumi na miwili. Nimemzika mimi."

Basi, akaishia hapo. Mwaija naye akatazama chini. Kisha akavuta mtandio wake nyuma kidogo, kama mtu anayesikia joto, nikaona pale juu ya sikio upara wa ukubwa wa kiganja, na ngozi yenye alama kama hiyo unayonisimulia. Nikammiminia chai.

Nimekubali, Raya. Kwa masharti yangu. Sheikh alipokuja kujaza karatasi akaniuliza umri mbele ya wanaume wote, nikasema sitini na moja. Akafikiri hajasikia, akauliza tena, nikaitaja kwa sauti ya kuita kuku. Mwinyimvua akakohoa tu, akasema, "Andika, sheikh."

Ndoa ni Ijumaa tarehe ishirini, baada ya swala. Sitaki barua ya mafua. Njoo na madoa yako, njoo na upara wako, na jino hilo lisilokuwepo. Jasmin alisema atakupaka poda, nimemwambia akikugusa namchoma sindano ya cherehani. Utakaa mbele kabisa, picha ya kwanza ni mimi na wewe, na atakayeuliza nani mkubwa nitamjibu mwenyewe.

Basi linatoka Tanga saa kumi na mbili asubuhi. Ukilikosa, panda la saa nne. Ukilikosa na hilo, ndoa haifungwi. Sheikh atakaa, Mwaija atakaa, pilau itapoa, bwana arusi atakaa na ndevu zake, na nitawaambia wote kwamba hakuna kuondoka, tunamngoja mdogo wangu.

Sihaba